Tamthilia mikononi mwa waongozaji wanawake wa India: uanze na filamu ipi?

Mtu akiuliza filamu za Kihindi zilizotokana na tamthilia za kale, jibu huja haraka: Vishal Bhardwaj. Ataelekezwa kwenye Maqbool ya 2003, Omkara ya 2006 na Haider ya 2014, yaani Macbeth kwa majambazi wa Mumbai, Othello kwa wababe wa siasa wa Uttar Pradesh, na Hamlet kwenye vita vya Kashmir. Ni filamu nzuri na sina ugomvi nazo. Ila zimesimama mlangoni kiasi kwamba wanaopita nyuma yake hawaonekani, hasa wanawake walioifanya kazi hiyo hiyo kwa fedha kidogo na, kwa maoni yangu, kwa ujasiri usiopungua.

Zinazofuata ni zile ambazo ningemwekea rafiki mezani achague. Baadhi zimetoka kwa Shakespeare, nyingine kwa waandishi wa Kihindi. Anayedhani tamthilia yenye hadhi sharti iwe ya Mwingereza atazikosa mbili ambazo mimi naziweka juu ya zote. Sizipimi kwa uaminifu, maana anayetaka uaminifu asome kitabu. Natazama zaidi jambo moja. Karibu kila tamthilia ya zamani ina mtu aliyenyimwa kauli: mke asiyetajwa, binti aliyekatwa ulimi, mjane anayesubiri wanaume waamue. Mwongozaji mwanamke akiingia humo, mtu huyo anamfanyaje?

Kuna na suala la fedha, ambalo linaeleza mengi. Tamthilia ni rafiki wa mwenye mfuko mdogo. Inataka nyumba moja au mbili na watu wachache, na mazungumzo yake yanabeba mzigo ambao filamu kubwa huupakia kwenye magari, ndege na maelfu ya watu. Tazama zilizo humu: shule moja, harusi moja, jumba moja la ukoo, ua mmoja wa wapangaji. Mwongozaji aliyechagua uzio unaofaa alikuwa amemaliza nusu ya kazi. Aliyekosea uzio hakuokolewa hata na nyota.

Bwenini au harusini

Hizi mbili, Noblemen na The Hungry, zinafaa kuwekwa pamoja kwa sababu zilitoka karibu wakati mmoja, zote zimetoka kwa Shakespeare, zote zinazungumza Kihindi na Kiingereza kwa kuchanganya kama wanavyofanya watu wa tabaka hilo, na zote ni kali. Usiziweke sebuleni watoto wakiwa hawajalala.

Noblemen ya Vandana Kataria ilianza kuonyeshwa kwenye matamasha 2018 na ikaingia majumba ya sinema ya India Juni 2019. Imetengenezwa na Yoodlee, tawi la filamu la Saregama, kampuni ya muziki ya siku nyingi. Kataria ameichukua The Merchant of Venice, ile ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1969, akaipeleka Mussoorie, mji wa milimani kaskazini mwa India, ndani ya shule ya bweni ya watoto wa wenye nacho. Wanafunzi wanaandaa mchezo huo huo kwa ajili ya sherehe ya shule. Shay, kijana wa miaka 15, mpole, anayeona raha jukwaani kuliko uwanjani, anapewa nafasi ya Bassanio, mchumba wa Portia. Baadal, mtoto wa nyota wa sinema, anaitaka nafasi hiyo ili awe karibu na Pia anayeigiza Portia. Anakwenda kwa Arjun, mbabe wa shule, amsaidie kumng'oa Shay.

Hapo ndipo Kataria alipofanya jambo la akili. Jukwaani Shay ni Bassanio, lakini bwenini ni Shylock, yule Myahudi mkopeshaji anayedharauliwa hadi adai ratili ya nyama ya mdeni wake. Anadhihakiwa, anaburuzwa, anadhalilishwa na watu walewale wanaojiita waungwana, kisha anaanza kuhesabu deni. Aliyewahi kuisoma Mabepari wa Venisi darasani anakumbuka jinsi mwalimu alivyouliza swali lile la kawaida: Shylock ni mwovu, au amefanywa mwovu? Wengi tulijibu ili tupate maksi. Noblemen inakurudisha kwenye swali hilo na kukuketisha nalo hadi uanze kuogopa jibu lako mwenyewe, kwa sababu mwanzoni unamwonea Shay huruma bila masharti, na baadaye masharti yanaanza kujileta.

Ali Haji ndiye anayemwigiza Shay. Wapenzi wa filamu za Kihindi watamkumbuka akiwa mtoto mdogo kwenye Fanaa ya 2006, na kumwona amekua hivi, mwembamba, macho yanayokwepa, kunaongeza uchungu. Kunal Kapoor ni Murali, mwalimu wa maigizo, mtu mwenye nia njema anayeamini kwamba kumwambia kijana ajitetee kunatosha. Nimewajua walimu wa namna hiyo. Sehemu ya ubora wa filamu hii ni kwamba haimtukani mwalimu huyo wala haimtetei.

Na mwanamke yuko wapi? Pia ana nafasi finyu, na mtu anaweza kumlaumu Kataria kwa hilo. Mimi simlaumu. Kwenye tamthilia Portia anavaa nguo za mwanasheria, anaingia mahakamani, anageuza kesi kwa ulimi wake, na kila mtu anarudi nyumbani ameridhika isipokuwa Myahudi. Kataria amekataa kumpa msichana mmoja kazi ya kusafisha uchafu wa wavulana. Amegeuza macho yake kwa wavulana wenyewe, akaangalia uanaume unavyopikwa pale: nani anapiga, nani anashangilia, nani anatazama ukutani. Sijui kama mwongozaji mwanaume angevumilia kuangalia kwa muda mrefu hivyo bila kuwapa wavulana hao kisingizio.

Sasa The Hungry. Bornila Chatterjee alijitwika mzigo mgumu kuliko wenzake wote. Alichukua Titus Andronicus, tamthilia ya mapema ya Shakespeare na yenye damu kupindukia. Jemadari anamtoa kafara mtoto wa malkia aliyetekwa, malkia analipiza kisasi, Lavinia binti wa jemadari anabakwa, anakatwa ulimi na mikono asiweze kusema wala kuandika, na mwisho malkia anaandaliwa karamu ya nyama ya wanawe mwenyewe. Kwa muda mrefu wahakiki waliionea haya. Filamu ilifadhiliwa kwa ushirikiano wa Film London na Cinestaan ya India wakati wa kumbukumbu ya miaka 400 tangu kifo cha Shakespeare, kwa bajeti ndogo, na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto 2017.

Chatterjee ameiweka kwenye harusi ya matajiri wa Delhi. Tulsi Joshi, anayeigizwa na Tisca Chopra, anaolewa na kijana wa ukoo wa Ahuja. Mtoto wake mkubwa, Ankur, alikutwa amekufa kwenye karamu ya ukoo huohuo, na ikasemwa amejiua. Baba wa ukoo, Tathagat Ahuja, ni Naseeruddin Shah. Kati yao yupo Arun Kumar, anayeigizwa na Neeraj Kabi, mtu wa karibu wa familia ambaye huwezi kujua jioni hii anakula kwa nani.

Uhamisho huu umefanikiwa kwa sababu harusi ya matajiri ina sheria zake kama himaya ya Roma: nani anakaa wapi, nani anamsalimia nani kwanza, biashara gani inaunganishwa chini ya maua. Chakula hakikomi kupita. Shah anampa Ahuja utulivu wa mwenye nyumba anayejipikia mwenyewe na kufurahia kukata nyama, na ukishajua tamthilia inaishia wapi, kila sinia linaloingia linakukosesha amani. Kubwa zaidi, Chatterjee amemgeuza malkia. Kwa Shakespeare, Tamora ni mshenzi na mzinzi. Hapa ni mama aliyefiwa, na unaanza filamu ukiwa upande wake kabla hujaambiwa uchague upande.

Ila Lavinia. Loveleen, binti wa Ahuja, anaigizwa na Sayani Gupta, msanii ambaye akipewa nusu ya nafasi huijaza yote. Nilitarajia mwongozaji aliyemtendea haki Tamora amkumbuke na msichana huyu. Anabaki alivyokuwa kwenye maandishi, njia ambayo wengine wanapitia ili walipizane. Shakespeare angalau alimpa Lavinia fimbo mdomoni aandike mchangani majina ya waliomharibu.

Kwa ufundi, The Hungry iko mbele: picha, mwanga, nidhamu ya waigizaji. Lakini ukiniambia nikuchagulie moja, nitakupa Noblemen. The Hungry unaitazama ukingoja karamu ya mwisho, na ikija unasema ndiyo, nilijua. Noblemen hujui kisu kitamfikia nani. Mwenye moyo mwepesi wa kuona damu, na mwenye kumbukumbu mbaya za shule ya bweni, kila mmoja anajua ipi aiepuke.

Aparna Sen, mara mbili

Arshinagar ya 2015 ndiyo yenye jina kubwa na ndiyo nisiyoipendekeza kama mwanzo. Si filamu huru kwa maana kamili pia, kwani nyuma yake kulikuwa na watayarishaji wakubwa wa sinema ya Kibengali, na shujaa wake ni Dev, nyota wa filamu za kibiashara. Aparna Sen ameichukua Romeo and Juliet akaifanya ya nyimbo: Rono wa ukoo wa Mitra, Wahindu, na Julekha wa ukoo wa Khan, Waislamu, koo mbili za wajenzi wa maghorofa zinazogombea ardhi ya mtaa wa mabanda. Mazungumzo yako kwa vina. Mandhari ni ya kutengenezwa na haijifichi kwamba ni jukwaa. Jina limetoka kwenye wimbo wa Lalon, fakiri wa Bengal, kuhusu mji wa vioo ulio jirani na nyumba na ambao mwimbaji hajaufika.

Kuna vitu vya kupenda. Ugomvi wa ardhi umewekwa mahali panapofaa, kwa sababu chuki ya dini mijini mara nyingi ina mtu anayeuza viwanja nyuma yake, na hili msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa. Waheeda Rehman, aliyecheza filamu ya Kibengali ya Satyajit Ray mwaka 1962, anarudi akiwa bibi wa Julekha, na akiwa kwenye picha hutamani kumtazama mwingine. Hapo ndipo tatizo lilipo: wazee wana uzito, wapenzi hawana. Romeo na Juliet wakikosa kuwaka, vina vinageuka kelele. Anayeujua utenzi na anayependa maneno yanayopangwa kwa mizani anaweza kuvumilia zaidi yangu, lakini tafsiri ya maandishi chini ya skrini haibebi vina, na bila Kibengali unapoteza nusu ya kazi aliyoifanya.

Kama ni Aparna Sen unayemtaka, rudi 1981. 36 Chowringhee Lane, filamu yake ya kwanza kuongoza, haikutokana na tamthilia, na kwa haki haistahili kuwa kwenye orodha hii. Naiingiza kwa nguvu. Violet Stoneham ni mwalimu mzee wa Kiingereza mjini Kolkata, mwenye asili ya Kizungu na Kihindi, anayefundisha Shakespeare kwa wasichana wasiomsikiliza. Anamwigiza Jennifer Kendal, ambaye amekulia kwenye kundi la wazazi wake lililozunguka India likiigiza Shakespeare. Baba yake halisi, Geoffrey Kendal, anaonekana humo kama kaka wa Violet. Mtayarishaji alikuwa mume wake, Shashi Kapoor. Kuna dakika chache karibu na mwisho ambapo mwalimu huyu, baada ya kuachwa na vijana aliowafungulia nyumba, anasema usiku barabarani maneno ya King Lear, mfalme mzee wa Shakespeare aliyegawa ufalme wake kisha akaachwa kwenye dhoruba, na anayemsikiliza ni mbwa wa mtaani. Hakuna mfalme wala radi. Sen alimpa mwanamke mzee, mpangaji, asiye na mtoto wala ufalme wa kugawa, maneno ambayo jukwaa limewahifadhia wanaume wenye ndevu, na yakamkaa. Arshinagar yote haina dakika kama hizo.

Lear bila mke, na nyoka mwenye uso wa mume

Girish Karnad, mwandishi mkubwa wa tamthilia wa lugha ya Kikannada, anaziunganisha filamu mbili zinazofuata: moja ameigiza, nyingine imetoka kwenye kalamu yake. Zote zimefanyika nje ya India, na anayeshikilia kwamba sinema ya India lazima ipigwe picha India atazitoa. Mimi naziacha, kwa sababu Wahindi waliohama ni sehemu ya habari ya India, jambo ambalo pwani ya Afrika Mashariki inalijua tangu zamani.

Life Goes On ya Sangeeta Datta, 2009, ni King Lear katika familia ya Kibengali ya London. Datta alikuwa amefanya kazi kwa karibu na Rituparno Ghosh, mwongozaji wa Kibengali, na unaiona shule hiyo kwenye vyumba vyake, jinsi watu wanavyonyamaza mezani. Karnad ni daktari aliyestaafu, baba wa mabinti watatu. Mkewe, Sharmila Tagore, anakufa ghafla mwanzoni, na filamu inakaa kwenye siku chache kati ya kifo na mazishi. Om Puri ni rafiki wa familia, karibu na yule mchekeshaji wa Lear lakini bila kofia. Binti mdogo ni Soha Ali Khan, ambaye nje ya filamu ni binti wa Sharmila Tagore kweli, na mapenzi yake na kijana wa Kiislamu yanamtonesha baba kidonda cha zamani cha kugawanywa kwa Bengal kati ya India na Pakistan.

Fikiria alichokiona Datta. Mfalme Lear ana mabinti watatu na hakuna anayeuliza mama yao yuko wapi. Datta ameuliza. Mama huyu amekufa lakini filamu haimwachi. Anarudi katika kumbukumbu, na kadiri anavyorudi ndivyo tunavyoelewa kwamba nyumba ilisimama kwake, na kwamba baba aliyejiona nguzo alikuwa amejiegemeza. Ni wazo zuri sana. Utekelezaji ni wa wastani: baadhi ya waigizaji wa pembeni ni wagumu, na hisia zinasemwa pale ambapo zingeachwa. Lakini kwa familia inayotaka kutazama pamoja, wazee na vijana, bila mtu kuziba macho ya mtu, hii ndiyo salama. Aliyewahi kukaa kwenye matanga na kuona siri zikitoka moja moja jikoni atajikuta nyumbani.

Heaven on Earth ya Deepa Mehta, 2008, iliyoitwa Videsh kwa soko la India, ina nguvu zaidi na ni chungu zaidi. Imetoka kwenye Naga-Mandala, tamthilia ya Karnad ya 1988 iliyojengwa juu ya ngano za Karnataka. Kwenye tamthilia, Rani anafungiwa ndani na mume asiyemjali. Bibi kipofu anampa mzizi amlishe mume apate kumpenda. Limbwata, kwa lugha yetu. Rani anaogopa rangi yake, anaumwaga kwenye kichuguu, nyoka anaunywa, na usiku nyoka anakuja kwake akiwa na sura ya mume, mwenye maneno laini.

Mehta amempeleka bibi harusi huyo, Chand, kutoka Punjab hadi Brampton nchini Kanada, kwenye nyumba iliyojaa wakwe, akiolewa na mtu ambaye hajawahi kumwona. Mume anampiga, na familia nzima inasikia kwa sababu kuta ni nyembamba. Anayempa mzizi ni mfanyakazi mwenzake, mwanamke wa Kijamaika. Preity Zinta, ambaye wengi walimzoea akicheka na kucheza, amevua kila kitu hapa, na kwa kazi hiyo alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Chicago.

Mtazamaji aliyezoea habari za majini na wachumba wasioonekana mchana hatashangazwa na nyoka. Atashangazwa na baridi. Mehta amechanganya ngano na maisha ya kibarua wa kiwandani bila kuomba radhi kwa lolote kati ya hayo mawili, na watazamaji wengi waliona mchanganyiko huo haukai. Naona unakaa. Mwanamke aliye peke yake katika nchi asiyojua hata basi linapita wapi, anayepigwa usiku na kupikia watu wanane asubuhi, atatafuta upole popote, hata shimoni. Ukitaka kulinganisha na Life Goes On kwa sentensi moja: Datta anaponya familia, Mehta anauliza kama inafaa kuponywa.

Wasomaji wa Uganda wataniuliza kuhusu Mira Nair, mwongozaji mwenye nyumba Kampala. Mississippi Masala ya 1991, inayoanza na Wahindi wakifukuzwa na Idi Amin 1972, ina wapenzi wa koo zisizopatana, na wapo wanaoisoma kama Romeo and Juliet. Haikutoka kwenye tamthilia, na tofauti na ile ya Violet Stoneham haina dakika za kunifanya nivunje kanuni.

Mbili kutoka jukwaa la Kimarathi

Sasa zile nilizosema naziweka juu. Maharashtra ina jukwaa lenye mizizi mirefu, tiketi zinauzwa, watu wanabishana kuhusu mwigizaji kama wengine wanavyobishana kuhusu mshambuliaji. Sai Paranjpye na Vijaya Mehta wote wawili walitoka kwenye jukwaa hilo. Hawakulazimika kuhamisha chochote kutoka Venisi.

Katha ya Paranjpye, 1983, imetokana na tamthilia ya S. G. Sathye kuhusu sungura na kobe. Ndiyo, ngano ile ile ya mbio. Uwanja wake ni nyumba ya wapangaji ya Mumbai, vyumba mfululizo kwenye baraza moja, bomba la pamoja, kila mtu anajua mwenzake amepika nini. Rajaram, karani mpole, ni kobe. Anampenda Sandhya wa chumba jirani lakini hathubutu kumwambia. Anakuja rafiki yake Bashu, mtu wa mdomo, mtanashati, asiye na senti, na katika siku chache ameshawavuta wote, pamoja na Sandhya. Rajaram ni Naseeruddin Shah, Bashu ni Farooq Shaikh, Sandhya ni Deepti Naval. Tazama Katha kisha The Hungry, uone Shah yuleyule akiwa karani anayeonewa na kila mtu, na miaka 34 baadaye akiwa mwenye kisu.

Paranjpye ana kipaji adimu cha kucheka na watu bila kuwacheka. Majungu ya barazani yamepangwa kama muziki. Na hajampa kobe ushindi kwa bei rahisi. Sandhya anaumia kweli, na anapoeleza yaliyompata hatafuti huruma. Kwa mtu anayeanza, kwa anayetaka kucheka, kwa nyumba yenye watoto wakubwa, sina mshindani wa kuweka mbele ya hii.

Rao Saheb ya Vijaya Mehta, 1985, ni ya jioni nyingine. Mehta alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Rangayan, kundi la maigizo la Mumbai la 1960, na tamthilia yenyewe, Barrister ya Jaywant Dalvi, alikuwa ameshaiongoza jukwaani. Rao Saheb, anayeigizwa na Anupam Kher akiwa bado kijana, amesoma sheria Uingereza na amerudi kwenye jumba la ukoo linalooza, anazungumza habari za maendeleo na haki za wajane. Shangazi yake mjane, anayeigizwa na Mehta mwenyewe, anaishi humo. Wanakuja wapangaji, mume na mke. Mume anafariki. Mke huyo kijana, anayeigizwa na Tanvi Azmi, anabaki mjane chini ya paa lile lile, mbele ya mila inayomtaka afute ujana wake. Basi kile alichokuwa akikisema mwanasheria mezani sasa kimekaa mbele yake kwenye kiti, kina miaka yake na uso wake, kinangoja.

Sitasema anafanya nini. Nitasema tu kwamba sijaona filamu inayomchambua mwanaume msomi, mwenye maneno mazuri na magoti laini, kwa upole na ukatili wa kiasi hiki. Mehta alipata Tuzo ya Taifa ya India kwa uigizaji wake humu, na ukimwona shangazi huyo akimtazama mjane kijana utaelewa: ni mwanamke aliyetii mila maisha yake yote, na ghafla anaona gharama yake kwa mtu mwingine. Tamthilia ilimpa mwanasheria jina la juu. Filamu, bila kumwondoa mwanaume mlangoni, imewapa nyumba wanawake wawili. Ubaya wake ni wa kawaida kwa filamu za umri huo: nakala nzuri ni za kutafuta, na picha ni za giza kuliko zilivyokusudiwa.

Kwa hiyo, ukiniuliza kwa ajili ya nani? Mwalimu wa fasihi mwenye wanafunzi watu wazima wanaosoma Mabepari wa Venisi aende kwa Noblemen, akiitazama kwanza peke yake, kwa sababu ina udhalilishaji wa kijinsia. Mwenye wanafunzi wadogo aache. Anayependa mapishi ya kisasi na picha safi, The Hungry. Aliyeolewa mbali, au mwenye dada aliyeolewa mbali, Heaven on Earth, lakini si usiku wa kwanza wa upweke. Usitegemee kuikuta yoyote kwenye flashi ya muvi za Kihindi zilizotafsiriwa na madijei. Utasoma maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, isipokuwa 36 Chowringhee Lane na sehemu kubwa ya Life Goes On ambazo ni za Kiingereza.

Na kikundi cha maigizo kinachotafuta cha kujifunzia, si cha kutazama tu, kichukue Katha na kalamu. Ua mmoja, vyumba sita, bomba moja, na mgeni anayejua kusema. Mchezo huo unaweza kupangwa Manzese au Eastleigh kwa mbao, mapazia na ndoo, na watazamaji wakamtambua Bashu kabla hajafungua mdomo.